Damu Iliyogoma Kuganda

Fomu ya mama yule ilileta mambo mawili: mimba tatu zilizoharibika baada ya wiki ya 10, na RPR, kipimo cha kuchuja kaswende, iliyosoma kaswende huku TPHA, kipimo cha kuithibitisha, ikisoma hamna. Pale maabara Tabora hatukuhitaji zaidi ya hayo kuanza kushuku ugonjwa wa antifosfolipidi. RPR hutumia kadiolipini, aina ya mafuta, na zipo kingamwili za mwili kujishambulia wenyewe zinazoshika mafuta hayohayo.

Nilimtoa damu kabla hajaanzishiwa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maana ingevuruga majibu. Tyubu ya bluu ina sitreti, kemikali ya kuzuia kuganda, mililita 0.3 na inataka damu 2.7, mpaka kwenye mstari. Damu ikipungua, sitreti huzidi na muda wa kuganda hurefuka bure.

Tukaizungusha kwenye mashine dakika 15, tukafyonza plazma, yaani maji ya damu, ya juu kwa pipeti ya plastiki bila kugusa utando mweupe wa chembe ulio chini yake, tukaihamisha na kuizungusha tena. Mwanafunzi aliyekuwa kwenye mafunzo aliuona mzunguko wa pili kama usumbufu. Lakini chembe sahani, zile za kugandisha damu, zikibaki, hasa sampuli ikipita friza na kuyeyuka, hupasuka na kumwaga fosfolipidi, mafuta ya jamii ya kadiolipini. Kingamwili hunasa humo, na mgonjwa anaambiwa yu mzima. Chembe zinatakiwa chini ya 10,000 kwa mikrolita. Tulihesabu.

Kipimo cha APTT, cha muda wa plazma kuganda, tulikifanya kwa mkono, kwenye maji ya nyuzi 37: plazma mikrolita 100, kitendanishi (kemikali ya kipimo) 100, dakika tatu, kisha kalsiamu kloraidi 100 na saa inabonyezwa. Unainamisha tyubu taratibu, unainua, unainamisha, mpaka uzi wa fibrini, dalili ya kuganda, uonekane. Plazma ya mtu asiye mgonjwa: sekunde 34. Yake: 71.

Tukachanganya plazma hizo mbili nusu kwa nusu. Lau angekuwa na upungufu wa vigandishi, protini za kugandisha damu, plazma ya asiye mgonjwa ingeufidia. Ilisoma 63. Kulikuwa na kizuizi. Ajabu yake, kizuizi hiki huchelewesha kuganda ndani ya tyubu, ilhali mwilini huleta mabonge.

Kuituma plazma ya friza Dar es Salaam kwa basi, na barafu ya maji, nilikataa, ingeyeyuka njiani. Alisafiri mwenyewe. Kule muda wa kuganda kwenye kipimo kinachotumia sumu ya nyoka wa Russell ulirefuka, ukafupika fosfolipidi ilipoongezwa, ishara ya kizuizi hicho. Mumewe alitaka dawa palepale. Daktari akamweleza kwamba maambukizi nayo huweza kuzusha kingamwili hizi kwa muda, hivyo kipimo hurudiwa baada ya wiki 12. Kiliporudiwa, majibu yalikuwa yaleyale. Mama akapangiwa aspirini ya dozi ndogo na sindano za heparini kwa mimba itakayofuata.