Kiharusi wakati wa janga: dakika zinapopotelea

Katika kiharusi, kinachoniuma zaidi ni dakika zinazopotea huku kila mtu akifanya kazi yake inavyotakiwa. Muuguzi anavaa vifaa kinga. Mtaalamu wa mionzi anasubiri chumba cha CT, mashine ya kupiga picha za ndani ya kichwa, kisafishwe. Daktari anaulizia majibu ya korona. Ukimwuliza mmoja mmoja, hakuna mwenye kosa. Wakati huohuo donge la damu limeziba mshipa mkubwa, na ubongo unapoteza takribani seli za neva milioni 1.9 kila dakika.

Tangu janga la korona lianze mwaka 2020 nimeshikilia msimamo mmoja: kinga na kasi havigombani, mradi kazi ya kujikinga ifanywe kabla machela haijafika mlangoni. Majibu ya kipimo cha korona yasisubiriwe hata kidogo. Kila mgonjwa wa kiharusi achukuliwe kuwa huenda ameambukizwa, avalishwe barakoa, na matibabu yaanze. Majibu yatakuja baadaye na kuamua wodi atakayolala, si kama atachomwa sindano ya kuyeyusha donge.

Maandalizi huanza kwa simu ya gari la wagonjwa. Maswali matatu yanatosha: ana homa, kikohozi au shida ya kupumua? Mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi? Namba ya simu ya ndugu aliyekuwa naye ni ipi? Hili la tatu watu hulipuuza, na ndilo linaloponza. Wakati wa janga ndugu huzuiwa getini, na taarifa zote huzuiwa pamoja naye: kama mgonjwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama alifanyiwa upasuaji karibuni, kama aliamka tayari mdomo umepinda. Aliyeamka na dalili, saa huhesabiwa tangu alipokwenda kulala akiwa mzima, si tangu alipoamka. Mgonjwa aliyepoteza usemi hawezi kukueleza lolote kati ya haya.

Wanaoingia chumbani wawe wachache: daktari mmoja na muuguzi mmoja, mwingine abaki mlangoni kupokea sampuli, kupitisha dawa na kuandika saa. Kuvaa kuende kwa mpangilio: safisha mikono, gauni, barakoa ya N95 inayochuja chembechembe za hewani, miwani au ngao ya uso, glavu mwisho, zikifunika mikono ya gauni. Aliye mlangoni akague kabla hujaingia. Kwenye kuvua ndipo wengi huchafuka, kwa hiyo huko pasiwe na haraka kabisa; dawa ikishaanza kuingia, hakuna cha kukimbilia.

Kumpima mgonjwa ukiwa umefunikwa uso kuna mitego yake. Barakoa ya mgonjwa inaficha mdomo uliopinda. Simama upande wake, ishushe kwa sekunde chache, mwambie aonyeshe meno, kisha irudishe. Sauti yako nayo inafifia na midomo yako haionekani, hivyo mzee asiyesikia vizuri anaweza kuonekana kana kwamba haelewi lugha, akaongezewa alama za ukali wa kiharusi asizostahili. Onyesha kwa mikono: funga jicho, kunja ngumi, kisha umwache aige. Na mgonjwa anayetapika hawezi kujivua barakoa ikiwa mkono umelegea. Asiachwe peke yake hata dakika moja.

Sukari ya damu ipimwe palepale kitandani, maana ikishuka sana inaiga kiharusi sawasawa. Oksijeni apewe ikiwa kiwango kiko chini ya asilimia 94, kwa mirija ya puani na barakoa juu yake.

Chumba cha CT ndicho hukwamisha wengi. Kama hewa yake hubadilishwa mara 6 kwa saa, huchukua dakika 46 kuondoa asilimia 99 ya chembechembe zilizo hewani. Ikibadilishwa mara 12, dakika 23. Ulizeni mafundi namba ya chumba chenu mapema, kwa sababu ndiyo inayoamua mgonjwa anayefuata ataingia lini. Picha za kichwa na za mishipa ya shingo zipigwe kwa safari moja. Ncha za juu za mapafu huonekana kwenye picha za shingo, na mara nyingine madoa ya korona hujitokeza hapo kabla ya kipimo kutoa majibu.

Picha ikionyesha hakuna damu iliyovuja, na saa 4 na nusu hazijapita tangu alipoonekana mzima mara ya mwisho, alteplasi, dawa ya kuyeyusha donge, ni miligramu 0.9 kwa kila kilo, isizidi 90. Mgonjwa wa kilo 70 anapata 63: miligramu 6.3 kwa dakika moja, 56.7 zilizobaki kwa dripu ya dakika 60. Apimwe kwa kitanda chenye mizani, asikisiwe kwa macho. Chupa izungushwe taratibu, isitikiswe, maana hufanya povu na kipimo kinaharibika. Presha iwe chini ya 185/110 kabla ya kuanza na isizidi 180/105 kwa saa 24 zinazofuata. Mahali penye tenekteplasi, dawa ya jamii hiyohiyo, miligramu 0.25 kwa kilo, isizidi 25, huchomwa mara moja bila dripu. Kwa mgonjwa aliyetengwa hiyo ni nafuu kubwa: pampu haihitajiki, wala muuguzi halazimiki kuingia tena kuirekebisha.

Baada ya dawa, mgonjwa huangaliwa kila dakika 15 kwa saa 2, kila dakika 30 kwa saa 6, kisha kila saa hadi zitimie 24. Ni mara 36. Ikiwa kila mara muuguzi lazima avae upya, baadhi ya ukaguzi utarukwa, na siwezi kumlaumu anayechoka. Skrini igeuzwe ionekane kupitia dirishani, pampu iwekewe mrija mrefu, na muuguzi mmoja akae ndani saa 2 za mwanzo. Kuna kitu kimoja ambacho skrini haitakionyesha: ulimi. Alteplasi huweza kuvimbisha midomo na ulimi, hasa kwa wanaotumia dawa za presha za jamii ya kaptoprili na enalaprili, na barakoa inaficha yote. Ifunuliwe kila ukaguzi katika dripu na saa inayofuata. Ulimi ukianza kuvimba upande mmoja, dripu isimamishwe na mtaalamu wa usingizi aitwe wakati mgonjwa bado anapumua vizuri. Kichwa kikiuma ghafla, akitapika au nguvu zikipungua tena, simamisha dripu na umrudishe CT.

Kwa wanaohitaji kuvutwa donge kwa waya, uamuzi wa kuwekewa mpira wa kupumulia ufanywe kabla ya kuingia chumba cha angiografia, ambako mishipa ya damu hupigwa picha na donge huvutwa. Anayetapika, anayehangaika au ambaye oksijeni inashuka awekewe mapema, katika chumba kinachovuta hewa nje na watu wachache ndani. Kumwekea katikati ya utaratibu, mrija ukiwa tayari ndani ya mshipa wa shingo, kunachafua hewa ya chumba kizima na kuusimamisha mkono wa daktari.