Kijani cha Ghuba ya Winam

Leo asubuhi Kisumu, kwenye ghuba hii ya Ziwa Victoria, maji ya ufukweni yalikuwa kama rangi ya ukutani ya kijani iliyomwagika.

Kijani hiki wengi wanakiita mwani. Hapana, ni Microcystis, bakteria wa kundi (oda) la Chroococcales.

Tone moja chini ya hadubini, ukuzaji mara 400: seli za mviringo, ndogo mno, mamia kwa mamia ndani ya ute mmoja. Kila seli ina madoa meusi.

Hivyo ni vifuko vya gesi, ndivyo vinavyoielesha.

Jaza chupa nene maji haya pomoni, izibe, ifunike kitambaa, gonga kizibo kwa nyundo. Shinikizo huviponda, na kijani kinazama taratibu!

Msichemshe maji haya mkanywa, jamani: bakteria hawa wanaweza kuwa na sumu. Moto hupasua seli, sumu hiyo ikabaki majini.

Huko kwenu yakoje? Wekeni picha.