Huwa unayaweka wapi?

Wiki hii mdogo wangu kajifungua salama, mtoto wa kike, na idara yetu imeunganishwa na ile ya ghorofa ya juu. Hayo yatapata siku yake. Kilichoninyima usingizi ni Bwana Majedwali.

Mliokuwapo hapa tangu mwanzo mnamfahamu. Meza yake inatazamana na yangu, mtu mpole, hana baya na mtu. Jumanne mchana nilikuwa kwenye simu na Shangazi, ambaye siku hiyo kesi yake ilikuwa jirani aliyeazima ngazi na kukaa nayo kimya. Nikamwambia, "Shangazi, ngazi ina miguu lakini njia haijui. Ifuate." Akacheka mpaka akapaliwa. Nikaongeza na mengine ambayo siyaandiki hapa, maana yule jirani ana wajukuu na wajukuu wanajua kusoma.

Nilipokata simu nikakuta Bwana Majedwali kaacha kazi, kanikodolea macho kama aliyeona kabati limejifungua lenyewe.

"Sikujua kama unachekesha hivyo."

"Aa, ni Shangazi tu."

"Miaka yote hii nilidhani wewe si mtu wa maneno."

"Maneno ninayo."

"Sasa huwa unayaweka wapi?"

Kisha akarudi kwenye kompyuta yake, kamaliza. Mimi ndiye sijamaliza. Nimelirudia swali lile bafuni, kwenye foleni, nikikunja nguo. Mwanzoni nililisikia kama sifa. Jioni likawa kama pole. Usiku likageuka shitaka: kwamba watu wa ofisini wamekaa na mtu mkavu muda wote huu, wakamvumilia, na kumbe anayechangamsha mazungumzo anawekewa Shangazi peke yake. Majibu nimetunga. "Nayaweka akiba." "Hujawahi kuniomba." Mazuri yote, na yote yamechelewa.

Hali yenyewe ni hii. Ofisini tunasalimiana kwa Kiswahili, tunaulizana habari za watoto, halafu mtu akifungua faili tu, Kiingereza kimeshaingia na kila mmoja kakaa wima. Hakuna aliyetuamuru. Watafiti Jan-Petter Blom na John Gumperz waliandika jambo hilihili mwaka 1972 kuhusu Hemnesberget, mji mdogo wa kaskazini mwa Norwei: mkazi anafika ofisi ya serikali, salamu na habari za familia zinakwenda kwa lahaja ya pale, kisha shughuli iliyomleta inaendeshwa kwa lugha sanifu. Nilipoisoma chuoni nikaona ni mambo yao Wanorwei.

Kwa Kiingereza, mzaha unanifikia ukiwa umeshapoa. Nafasi yake naiona, nautafuta, naugeuza, naupima kama hautamuudhi mtu, na nikiwa tayari kufungua mdomo kikao kimeshahamia ajenda nyingine. Kwa hiyo wenzangu wanamjua mtu anayekubali, anayeshukuru, anayeahidi kutuma ripoti. Huyo ndiye Bwana Majedwali aliyekaa naye. Si kosa lake kudhani ndiye niliye wote.

Mpaka Jumatano usiku nilikuwa nikimwonea huruma mwanamke huyo wa vikaoni. Alhamisi akanishangaza.

Mkuu wetu mpya, mzee wa rika la baba yangu, aliniita akanitaka nibebe kazi za aliyeondoka juu ya zangu. Nikamwambia hapana. Kwa Kiingereza, sentensi moja, macho hayakwenda chini. Kwa Kiswahili ningeanza na shikamoo, na baada ya shikamoo sijui hiyo hapana ingepitia mlango gani. Ningezunguka, ningeshukuru kwa kuaminiwa, ningesema tutaangalia, na leo ningekuwa na kazi za watu wawili.

Nikamkumbuka Susan Ervin-Tripp. Katika miaka ya 1960 alichapisha utafiti kuhusu wanawake wa Kijapani walioolewa na Wamarekani, wakiishi eneo la San Francisco. Walipewa sentensi nusu wazimalizie, safari moja kwa Kijapani, safari nyingine kwa Kiingereza. Mmoja alipewa ile inayoanza "Matakwa yangu yakigongana na ya familia yangu." Kwa Kijapani akamalizia kwamba huo ni wakati wa huzuni kubwa. Kwa Kiingereza: nafanya nitakalo. Mwanamke yuleyule, familia ileile.

Kila nikiwasimulia watu habari hii, huuliza yupi hapo alikuwa anasema kweli. Silipendi swali hilo, na sasa nimegundua ndilo lililonikera Jumanne. Ndani ya "huwa unayaweka wapi" kuna dhana kwamba mimi halisi ni yule wa simu, na huyu wa ofisini ni kifuniko. Nani kasema? Huyu wa ofisini ndiye aliyenitetea Alhamisi. Yule mwingine angeniuza.

Tena mkuu hakunijibu kwa upole, lakini maneno yake yaliishia masikioni. Mama angesema nusu yake kwa Kiswahili, ningelia mpaka jua lizame. Catherine Harris na wenzake walilipima jambo hilo mwaka 2003: watu ambao lugha yao ya kwanza ni Kituruki na ya pili ni Kiingereza walivalishwa vidoleni vipimo vya kuonyesha ngozi inavyostuka, wakapewa maneno ya kila aina, yakiwemo makaripio anayopewa mtoto. Makaripio ya Kituruki yaliistua ngozi zaidi kuliko ya Kiingereza. Nafurahi kwamba ngozi yangu nayo ina mahali pa kupumzika.

Na yule mcheshi wa kwenye simu, kabla hamjampenda sana, mjue alivyomaliza mazungumzo. Baada ya vicheko vyote vya ngazi, Shangazi alishusha pumzi kidogo tu, akanyamaza kidogo tu, na mimi huyo nikaahidi kumnunulia ngazi mpya. Hilo Bwana Majedwali hakulisikia.

Ijumaa kikaoni alinirushia utani wa Kiswahili, katikati ya Kiingereza cha watu, kisha akasubiri. Vichwa vyote vikageuka. Jibu nilikuwa nalo, na mara hii halikuchelewa hata kidogo. Nikatabasamu, nikasema ripoti itakuwa tayari Jumatatu. Jibu nilimpa baadaye kwenye korido, akacheka peke yake mpaka akaegemea ukuta. Sijui kama hiyo ni hatua mbele au ni ukaidi wangu tu. Nilijisikia vizuri sana.

Sasa kinachonitia hofu ni jino. Lile la nyuma, mnalikumbuka, limeanza tena kuvuta mpaka sikioni, na daktari wangu wa meno yuko likizo. Sijapata wa kuniambia kama nisubiri au nitafute mwingine, na nimegundua kwamba nikinywa maji natafuna upande mmoja, kana kwamba maji yanatafunwa.