Bibi alikuwa na kadi ya TANU, kura hakuwa nayo

Bibi mzaa mama alikuwa mwanachama wa TANU hapa Tabora, na kadi yake aliitunza sandukuni pamoja na kanga za harusi. Lakini uchaguzi wa kwanza wa Tanganyika, ule wa Septemba 1958 na Februari 1959, ulimpita. Ili uandikishwe ulitakiwa uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya kutosha, au cheo kinachotambuliwa na serikali. Bibi alikaanga vitumbua na kulima mpunga. Angeonyesha mshahara gani?

Jambo hili linaniuma, maana wanawake kama yeye ndio walioijaza mikutano na kupita nyumba kwa nyumba kuuza kadi, wakimfuata Bibi Titi Mohamed. Walioandikishwa nchi nzima walikuwa kama 60,000, na watu tulikuwa karibu milioni tisa.

Hata hao wachache walibanwa na kura tatu: kila mmoja alilazimika kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Ukiacha mmoja, kura yako imeharibika. Januari 1958 TANU ilikutana hapa hapa Tabora, hoja ikiwa moja: tususie au tuingie? Nyerere aliwashawishi waingie. Zuberi Mtemvu alikataa, akajitoa na kuanzisha chama chake, African National Congress (ANC). Hasira yake naielewa kabisa, ila naamini Nyerere aliona mbali. TANU iliwaunga mkono wagombea wa rangi zote, wakiwemo Mzungu Derek Bryceson na Mwasia Sophia Mustafa, nao wakashinda. Waliotegemea rangi ituvuruge wakakosa pa kushika.

Kwa uchaguzi wa Agosti 1960 masharti yakalegezwa: pauni 75, au kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Bibi hakujua kuandika. Akasubiri tena, mpaka Novemba 1962, watu wazima wote walipoitwa kumchagua Rais kati ya Nyerere na Mtemvu yule yule. Nchi ilikuwa imeshapata uhuru karibu mwaka mzima!

Leo kaka yangu anafanya kazi Muscat. Ni Mtanzania, pasipoti anayo, fedha anatuma nyumbani kila mwezi. Siku ya uchaguzi hana kituo, labda apande ndege arudi. Wakenya wa ughaibuni walianza kumpigia Rais wao kura mwaka 2013. Ubalozi wetu Muscat upo. Nataka sanduku la kura liwekwe pale.