Ubishi wa Shangani: meli, faini na mzee Warioba

Juzi jioni tumekaa Shangani na mjomba tunaangalia meli imetia nanga huko nje inasubiri zamu ya kupakia korosho, mjomba akaanza, "hizi tungekua tunazipiga faini hukohuko zilipo, kwani bahari si yetu?" Nikamwambia mjomba subiri, kuna wenzetu walifanya hivyo ikawatokea puani.

Ni Guinea, ile ya Conakry, Oktoba 1997. Kulikua na meli ya mafuta inaitwa Saiga, bendera ya Saint Vincent and the Grenadines, kazi yake kuuzia dizeli meli za uvuvi katikati ya maji. Guinea wakasema hayo ni magendo, wakaifukuzia na boti za doria, risasi zikalia, watu wawili melini wakaumia, dizeli yote ikashushwa Conakry na nahodha akapigwa faini ya zaidi ya faranga bilioni 15. Sheria yao ilikua inasema forodha inafika kilomita 250 toka pwani, sasa hapo ndo walipojikaanga.

Maana Saint Vincent, kavisiwa kale, wakaenda mahakama ya bahari kule Hamburg, na hiyo ndo ikawa kesi yake ya kwanza kabisa. Desemba ikaamuliwa meli iachiwe kwa dhamana ya dola 400,000, afu tarehe 1 Julai 1999 Guinea wakaambiwa walipe wao, dola 2,123,357. Yaani umetoza faini unaishia kudaiwa!

Hesabu yenyewe iko hivi: maili 12 za baharini za mwanzo ni zako, mpaka 24 unaweza kuzuia mtu asivunje sheria za forodha huko ndani, zaidi ya hapo hata kama ukanda wa uchumi unafika maili 200 we una samaki na gesi, ila forodha huna, isipokua kwenye visiwa vya kutengeneza na mitambo iliyojengwa baharini.

Mjomba kanuna. Nikamwambia ila kwenye hukumu ya 1999 majaji walikua 18 kwa 2, na mmoja wa hao wawili waliopinga ni mzee Joseph Warioba, wa kwetu hapahapa Tanzania. Weee! Kasimama kabisa, "si nakwambia mimi!" Hata hajauliza mzee alipinga kwa sababu gani.

Afu akakaa kimya kidogo, akauliza, "hiyo mitambo ya baharini, ya gesi nayo imo?" Nikamwambia imo. Akageuka tena kuangalia maji.