Samaki wa Jana

Jumamosi iliyopita, pale Deep Sea, soko la samaki la Tanga, binti yangu aliniuliza mbona namminya samaki tumboni kabla hata sijauliza bei. Muuzaji, kijana mdogo, alikuwa ananitazama kama nimemvunjia heshima. Kidole gumba kilikuwa kimeshafika. Kolekole alikuwa mgumu, nyama ikarudi juu nilipoachia. Nikamwambia mtoto kwamba nimezoea tu, tukalipa, tukapanda bajaji.

Lakini si kuzoea. Nilifundishwa, na siku niliyofundishwa naijua.

Ni ule mkutano wa Raskazone, 2010. Mwaka huo Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika mwezi Julai, na sisi watu wa asasi tukawa tunalitia neno mtangamano katika kila andiko tunalopeleka kwa wafadhili. Tulipata fedha za siku tatu, tuwakutanishe watu wa bahari wa pande mbili za mpaka: wetu wa Kigombe, Sahare na Moa, na wenzao wa Vanga na Shimoni, upande wa Kenya. Wazo lilikuwa langu na nalitetea mpaka leo. Boti ya doria ikifika mwisho wa maji ya nchi yake hugeuza. Samaki hageuzi. Wala mvuvi wa dago hageuzi, yule anayefuata pepo, leo kambi yake iko huku, msimu ujao iko pwani ya Kenya, na pote ana shemeji. Ukitaka kumaliza bomu, yaani uvuvi wa baruti, upande mmoja bila kuzungumza na wanaonunua samaki upande wa pili, unachota maji kwa pakacha.

Na bomu wakati ule lilikuwa limerudi. Mradi mkubwa wa mwambao wa Tanga, ulioanza 1994 kwa msaada wa Ireland, ulikuwa umefungwa 2007. Mradi ule ulifanya jambo moja ambalo sijaona likifanywa vizuri hivyo tena: uliwaketisha wanavijiji na serikali kwenye mkeka mmoja wakapanga wenyewe miamba ipi ifungwe, nani alinde, na lini ifunguliwe. Wavuvi walikuwa wakienda doria na askari. Fedha zilipokwisha, mafuta ya boti yalikwisha, na walinzi wa kijiji wakabaki peke yao usiku na watu wanaowajua kwa majina. Ukiwa Kigombe asubuhi ulikuwa unasikia mlio wa kwanza kabla chai haijachemka. Dum, halafu kimya, halafu vibua vinaelea, na vingi zaidi vinazama na kuozea chini, na mwamba uliojengeka kwa miaka mingi umekuwa kokoto.

Basi tukakutana. Watu ishirini na sita, ukumbi wa hosteli moja, feni mbili na moja haifanyi kazi. Kati ya hao, wawili tu hawakujua Kiswahili, wageni wetu kutoka Ulaya waliobeba fedha. Kwa ajili yao mkutano ukaendeshwa kwa Kiingereza. Nililikubali hilo bila kupinga. Mzee wa Vanga na mvuvi wa Moa, watu ambao babu zao walizikana, wakawa wanazungumza kupitia kwangu: mmoja anasema, nafasiri, mgeni anaitikia kwa kichwa, ndipo mwenziwe anajibu. Mimi ndiye nilikuwa katibu na mkalimani. Kwenye bango kitita, kwa kalamu nene ya buluu, nilikuwa nimeandika maneno ya Ibara ya 7 ya Mkataba wa Jumuiya wa 1999, kwamba kiini cha ushirikiano ni watu. Nayo niliyaandika kwa Kiingereza.

Siku ya kwanza sina haja ya kuieleza. Utambulisho, matarajio, posho.

Siku ya pili, karibu saa sita, mtoa mada mmoja alikuwa anaonyesha kwamba kwa mujibu wa taarifa za doria milipuko inapungua. Wavuvi wakawa wanatazama meza. Mlango ukafunguliwa, akaingia Shangazi.

Hakuwa mshiriki. Shangazi, dada yake baba, alikuwa akikaanga samaki Kigombe tangu sijazaliwa, nami ndiye niliyempa kazi ya chakula cha mchana ili hela ya mradi ibaki nyumbani. Alikuja kuuliza apakue au asubiri. Akasimama pale mlangoni na kanga yake begani, akisikiliza, maana mtoa mada alikuwa amechanganya Kiswahili kidogo: "Milipuko imepungua." Akatoka. Nikadhani ameona tuna kazi.

Akarudi na beseni. Akapita katikati yetu, akasogeza karatasi zangu, akalaza kolekole wawili juu ya kitambaa cheupe cha meza. Walikuwa wanalingana kwa ukubwa, wote macho angavu, wote wanang'aa. Maji ya samaki yakaanza kutambaa kuelekea fomu ya mahudhurio.

"Samahanini wanangu. Baba," akanigeukia mimi, ndivyo alivyokuwa akiniita, "waambie wamguse huyu, halafu wamguse huyu."

Mzee wa Vanga ndiye aliyeinuka. Alivua miwani akaiweka mfukoni, kama mtu anayetaka kutawadha. Akaweka kidole gumba juu ya tumbo la wa kwanza, akaminya, akaachia. Akahamia wa pili. Kidole kilizama. Kilizama na shimo likabaki, nyama haikurudi. Hakusema kitu. Akaninyooshea mkono, akanishika kidole changu mwenyewe, akakiweka palepale. Ilikuwa kama kuminya papai lililopitiliza, na chini ya ulaini ule kulikuwa na kitu kinachochezacheza ambacho hakikupaswa kucheza.

Shangazi akatoa kisu. Akampasua wa kwanza kutoka tunduni hadi kooni, akamfungua: nyama safi, kibofu cha upepo kimejaa, uti mzima. Huyu wa mshipi, akasema. Akampasua wa pili. Damu nyeusi ilikuwa imeganda ndani ya tumbo, kibofu kimechanika, na aliposhika kichwa na mkia akavuta taratibu tulisikia, ukumbi mzima, mifupa ya mgongo ikiachana. Nje hakuwa na hata mkwaruzo.

"Huyu wa bomu," akasema mzee wa Vanga.

"Wa bomu," akasema Shangazi. "Leo alfajiri pwani nimekuta ndoo nne. Tatu za huyu. Wa mshipi nimegombea mmoja huyu tu. Sasa nisinunue, niwalishe nini? Nisikaange, wajukuu wale nini? Mnasema imepungua. Jana hapahapa mlikula nani? Mlikula huyu. Nimewakaangia mimi kwa mkono wangu, mkanisifu. Baba, waambie hao wageni, jana wamekula bomu."

Kisha akasubiri, kisu mkononi, akimtazama yule mgeni mama machoni, kama mtu anayengoja jibu lake halali.

Nikafasiri. Nikasema huyu ni mchuuzi wa samaki wa kijijini. Nikaeleza tofauti ya samaki wawili, damu, kibofu, uti. Nikataja ndoo nne na tatu. Nikasema analazimika kununua kwa sababu hana namna. Na hapo nikafunga mdomo.

Ya jana sikuyasema.

Nilikuwa na sababu, na nilizipanga haraka sana. Kwamba ni fedha za mradi zilizonunua wale samaki, na stakabadhi ina sahihi yangu. Kwamba awamu ya pili ilikuwa inaamuliwa mwezi ule. Kwamba Shangazi angeonekana mkosaji mbele ya watu waliokuja kumsaidia. Hii ya mwisho ndiyo niliyojiambia usiku ule kitandani, ndiyo iliyosikika vizuri zaidi. Yule mgeni alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, akaandika kitu kwenye daftari lake, akamshukuru Shangazi kwa mikono miwili kifuani.

Shangazi akabaki anamtazama kidogo. Halafu akakusanya samaki wake kwenye beseni, akafuta meza kwa ncha ya kanga, akatoka.

Mzee wa Vanga alikuwa bado amesimama kando yangu. Aliyasikia yote mawili, ya Shangazi na yangu, na Kiingereza alikijua kuliko nilivyodhani. Akaninong'oneza: "Mwanangu, ya yule bibi yalikuwa marefu kuliko hivyo." Akavaa miwani, akaketi.

Mchana ule tulikula wali na maharage.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Ripoti niliiandika mimi, kurasa kumi na nne, na kwenye sehemu ya siku ya pili nikaweka kwamba "washiriki walieleza wasiwasi kuhusu kuendelea kwa uvuvi haramu". Hakuna kidole kilichozama popote katika kurasa zile. Awamu ya pili tulipata, ndogo. Tukafanya warsha nyingine, na nyingine. Na wakati sisi tunaandika, Shangazi na akinamama watatu wa Vanga, aliounganishwa nao na yule mzee, walikuwa wanapigiana simu alfajiri kwa vocha za mia tano. Huyu anasema: leo kwetu kumelia, mkiletewa mzigo kutoka huku mminyeni kwanza. Wale wanakataa mzigo ufukweni. Ilidumu kwa misimu kadhaa. Haikuwa na katiba wala akaunti ya benki, na nilipotaka kuisajili iwe kikundi ili tuiombee fedha, Shangazi aliniuliza fedha za nini. Sikuwa na jibu ambalo halikuwa vocha.

Simaanishi kwamba asasi hazikuwa na kazi. Bila ule mkutano wasingejuana, na mkutano ulihitaji nauli, ukumbi na mtu wa kuandika barua za kuombea ruhusa. Na bomu lenyewe halikuondolewa na simu. Lilipungua sana miaka ya karibuni baada ya vyombo vya serikali kuanza kushirikiana kulisaka, kuanzia 2015 na kuendelea. Kila mmoja alibeba upande wake. Mimi nilikuwa nimepewa kubeba maneno ya mtu kutoka mdomoni mwake hadi sikioni mwa mwingine, hatua tatu za ukumbi, nikadondosha moja njiani kwa makusudi. Nimefanya kazi hii miaka mingi tangu siku ile na bado sijui kama lingefikishwa lingebadilisha chochote. Pengine yule mama angekasirika. Pengine angecheka, au angelia, au angesema turudi mezani tuanze upya kwa Kiswahili. Alikuwa na haki ya kuchagua.

Jumamosi tulipofika nyumbani nikampigia Shangazi. Siku hizi hakaangi, miguu inamsumbua. Shikamoo, marahaba, hawajambo wote. Nikamwambia mjukuu wake kaniuliza kwa nini naminya samaki. Akacheka kwa muda mrefu, halafu akanyamaza, nikasikia kuku wake.

"Hivi baba," akasema, "yule Mzungu mwanamke. Siku zote nataka kukuuliza. Alisemaje, ulipomwambia kala samaki wa bomu?"

Binti yangu alikuwa ananiparia magamba ya kolekole pale kwenye karo, yanaruka hadi ukutani.

"Alinyamaza, Shangazi," nikasema.