Ruzuku zilimfuata hadi Geneva

Jana usiku nimekesha nikisoma habari za Ngozi Okonjo-Iweala. Nimesomea uchumi, na siku zote nilijua sisi watu wa hesabu tukigusa siasa tumekwisha. Huyu mama wa Nigeria alikuwa Benki ya Dunia, angestaafu zake kwa raha. Akaja kuwa waziri wa fedha mwaka 2003, na 2005 Klabu ya Paris, kundi la nchi zinazokopesha nyingine, ikaifutia nchi yake deni la dola bilioni 18. Mambo ya nje alishika kidogo tu, 2006.

Kilichonifanya niweke simu chini ni Desemba 2012. Alikuwa amerudi kuwa waziri wa fedha, na amewabana wafanyabiashara wa mafuta juu ya ruzuku waliyokuwa wakilipwa na serikali. Mama yake mzazi, bibi wa miaka zaidi ya 80, akatekwa, na watekaji wakataka binti ajiuzulu. Hakujiuzulu. Mimi? Barua ningeiandika hata kalamu sijaipata.

Tangu Machi 2021 anaongoza Shirika la Biashara Duniani, mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza. Juni 2022 mazungumzo ya Geneva yalikwenda hadi alfajiri, wakatoka na mkataba wa uvuvi. Unahusu nini? Ruzuku, tena!